Aliyeng'oa Michungwa Mizima

Mwalimu wa hadithi hii simpi jina. Nimemuunda kutokana na wastaafu wengi, na hofu yangu ni kwamba kila mmoja wao atakayeisoma ataapa kuwa nimemsema yeye. Alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, akastaafu, akanunua ekari moja Muheza, mkoani Tanga, upande wa njia inayopanda Amani. Aliyewahi kupita Muheza msimu wa machungwa hana haja ya kuuliza kwa nini alichagua michungwa. Malundo yako kando ya barabara, malori yanapakia, na kila mwenye kipande cha ardhi ana hesabu zake kichwani. Mwalimu za kwake aliziandika daftarini: mita sita kwa sita, ekari moja inachukua miti kama 110, mti ukizaa machungwa kadha wa kadha, lori likija shambani kwa bei kadha wa kadha. Jumla ya mapato ya mwaka wa nane ilikuwa imeshapigwa mstari chini kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Fedha za kiinua mgongo zikachelewa. Masika huku hushika mwezi Machi na kuachia mwishoni mwa Mei, na yote yalimpita akifuatilia faili lake ofisi hadi ofisi. Alipolipwa ulikuwa mwezi wa sita, kusi limeanza kuvuma. Angeweza kuchimba mashimo taratibu akingoja vuli, lakini alikuwa amechoka kungoja. Akanunua miche 110, Valencia na Msasa, iliyobebeshwa juu ya mlimau kama ilivyo desturi. Miche yenyewe ilikuwa imelelewa chini ya kivuli, haijawahi kulionja jua la adhuhuri. Akaipakia kwenye pikapu ya wazi saa saba mchana. Ilipofika Muheza majani yalikuwa yamelegea kwa upepo, na kesho yake yote ikapandwa kwa siku moja.

Mashimo sitayazungumzia sana, maana yameshazungumzwa mno. Yawe na sentimita 60 kwa upana na kwenda chini, udongo wa juu utengwe na kuchanganywa na samadi iliyooza, na shimo lijazwe wiki kadhaa kabla ya kupanda ili udongo uwe umeshashuka. Vibarua wa Mwalimu walilipwa kwa idadi ya mashimo. Kila mmoja anajua kibarua anayelipwa kwa idadi anachimba nini.

Wiki mbili za mwanzo Mwalimu alikuwa Korogwe kwenye msiba. Alimwachia shamba kijana mmoja, akamwambia amwagilie. Kijana akamwagilia kweli, kopo moja kila mche, asubuhi mapema, kisha akaenda zake. Kwa macho, udongo wa shimo ulionekana umelowa. Lakini lile bonge la udongo lililotoka kwenye kiriba lilikuwa limeshakauka njiani, na bonge kavu la namna hiyo hulikataa maji: yanapita pembeni, yanalowesha udongo mpya ambao bado hauna mzizi hata mmoja. Katikati, mizizi yote imefungiwa ndani ya kipande kikavu. Hili halionekani mpaka mtu apige magoti, achokoe kwa kidole pale shina linapoingia ardhini. Kijana hakupiga magoti, na kusema kweli hakuna aliyemwambia apige.

Mwalimu aliporudi, siku ya Ijumaa, alikuta majani yamejikunja kama yanataka kujificha jua. Akafoka, akasimama mwenyewe, kila mche ukapata ndoo nzima. Jumapili majani yakaanza kudondoka. Jumatatu sehemu ya juu ya shamba, yenye udongo wa kichanga, ilikuwa vijiti vitupu.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitatua kidogo. Mchungwa uliokosa maji kwa muda mrefu mara nyingi hauachi majani yake wakati wa kiu. Huyashikilia yakiwa yamejikunja, na huyaachia baada ya kupata maji. Jani la mchungwa halidondoki kwa bahati mbaya. Chini ya kikonyo chake mti hutengeneza utando mwembamba wa kulikata, na kazi hiyo inahitaji uhai. Tawi lililokufa ghafla haliwezi kuifanya, ndiyo maana majani yake hukauka na kubaki yananing'inia, ya kahawia, ukiyavuta hayataki kutoka. Kwa hiyo anayetaka kujua mti upi auzike na upi aungoje asihesabu majani yaliyobaki juu. Atazame yaliyo chini yameanguka vipi. Mti uliopukutisha umekata matumizi, umefunga milango ambayo maji yalikuwa yakitokea. Umeumia, tena sana, kwa kuwa mchungwa huweka sehemu kubwa ya akiba yake ya chakula ndani ya majani hayohayo. Lakini uko hai, na umeamua kuishi.

Mwalimu alisoma kinyume. Ijumaa nimetia maji, Jumatatu majani yameanguka, basi ugonjwa umeingia. Au maji hayatoshi. Au udongo hauna nguvu. Aliyafuata yote matatu kwa pamoja, kwa bidii ya mtu anayesahihisha madaftari usiku kucha. Akaagiza ndoo asubuhi na ndoo jioni. Akaenda duka la pembejeo, akarudi na kilo tano za urea.

Kabla hajaimwaga, akapita bibi jirani. Huyu ni mama mzee, mwenye miembe, mifenesi na michungwa mikongwe nyuma ya nyumba. Baba yake aliwahi kuwa kibarua wa bustani huko Amani, kwenye kile kituo cha utafiti wa mimea ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakaja kukirithi. Bibi mwenyewe alikulia kati ya miche iliyoletwa kwa meli kutoka pande zote za dunia ya joto, mingine ikifika haina jani hata moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Habari ya miche?"

"Imekufa, bibi. Naitia nguvu kidogo, pengine itafufuka."

Bibi hakujibu. Akainama kwenye mche wa karibu, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, kijisehemu kidogo tu, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Chini ya gome palikuwa kijani, na pana unyevu. Akapanda juu kidogo, akakwangua tena: kahawia, kavu. Akarudi katikati: kijani.

"Huu haujafa, Mwalimu. Umekufa huku juu, kiasi cha kidole. Huku chini mzima."

Akaendelea, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wa watu mbele ya kijana wake. Urea airudishe dukani au aiweke mpaka miche itoe majani na majani yakomae. Mgonjwa aliyetoka kutapika halishwi pilau. Mti usio na majani hauna pa kupeleka mbolea, na urea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, ikilundikwa mbichi kwenye mizizi dhaifu, huivuta maji badala ya kuilisha. Maji nayo ayapunguze. Hili Mwalimu alilipinga papo hapo, akasema mgonjwa ndiye anayehitaji kunywa. Bibi akamwambia kwamba maji hunywewa na majani. Mti wenye majani mia na mti usio na jani haiwezi kupewa ndoo ileile. Achimbe kwa kidole, pembeni kabisa mwa shina, kina cha kidole kizima. Pakiwa na unyevu, aondoke. Pakiwa pakavu, amwagilie polepole, mara mbili tatu kwa kupumzika, mpaka lile bonge la kitaluni lenyewe lilowe.

"Na kule bondeni," akaongeza, akionyesha mistari ya chini, "kule usitie hata tone."

Bondeni udongo ulikuwa wa mfinyanzi, na maji ya ndoo mbili kwa siku yalikuwa yamesimama kwenye mashimo. Mizizi iliyozama hukosa hewa, ikikosa hewa haifyonzi, isipofyonza majani hulegea. Mti wenye kiu na mti uliozamishwa hulegea namna moja. Mtu akiutazama kwa mbali, kila saa anapouona umelegea huongeza maji, na kila anapoongeza unalegea zaidi. Nadhani hakuna kosa linaloua miche mingi mikononi mwa watu wenye bidii kama hili. Mvivu hana uwezo wa kulifanya.

Bibi alitaja mengine pia. Kila mche usimikiwe kuti upande wa magharibi, kwa sababu shina lililokuwa likifunikwa na majani sasa linachomwa na jua la alasiri, na gome likiungua hupasuka, wadudu wakaingia. Asipopata makuti, chokaa iliyochanganywa na maji, ipakwe shinani. Nyasi kavu zitandazwe kuzunguka mche lakini zisiguse shina, zikae umbali wa kiganja, na kila wiki atazame chini yake kama mchwa wameanza kujenga. Matawi yaliyokauka waziwazi ayakate kwa kisu safi mpaka kwenye kijani. Yale ya kutiliwa shaka ayaache, mti wenyewe utamwonyesha unapoanzia.

"Halafu?" akauliza Mwalimu.

"Halafu ungoje."

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu. Nne. Miezi hii ya baridi hata sita, hata zaidi."

Sielewi kwa nini ushauri wa kungoja huonekana si ushauri. Lau bibi angemtajia dawa yenye jina gumu, ya kununuliwa Tanga mjini kwa bei ya kuumiza, Mwalimu angepanda basi siku hiyohiyo. Alimshukuru vizuri, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi, akaichukua urea. Alianzia bondeni, konzi moja kila mche, akaifukia kando ya shina. Kilo tano zikaishia mwisho wa mstari wa nne, miche 40. Kesho yake akakusudia kuongeza nyingine, lakini duka lilikuwa limefungwa, na kesho kutwa fedha zilikuwa zimepata kazi nyingine. Miche 70 ya juu ikaokolewa na mfuko mtupu.

Siku chache baadaye ile ya bondeni ikabadilika rangi yote kwa mpigo. Majani yakawa ya kahawia, makavu, lakini hayakuanguka. Upepo ukipita yalichakarika. Mwalimu akasimama katikati ya shamba akalinganisha: juu miche 70, hakuna jani. Chini miche 40, majani yapo, ingawa yamebabuka. Akafanya hesabu yake ya mwisho. Penye majani pana matumaini. Akaamuru ya juu ing'olewe yote, mashimo yake yapandwe mihogo msimu wa mvua, na ya bondeni izidishiwe maji.

Nimeieleza hesabu hii kwa watu kadhaa na wengi wao walikubaliana na Mwalimu kabla sijamaliza.

Kijana akang'oa. Mizizi ikatoka na mabonge yake, maana ilikuwa haijatambaa popote, mingine bado inazunguka umbo la kiriba. Lundo likawekwa kando ya njia. Jioni bibi akapita, akalitazama, akabisha hodi.

"Mwalimu, vijiti hivi nivichukue? Nina shida ya kuni."

Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka msibani. "Bibi, kuni gani hizi? Hata chai hazichemshi. Chukua."

Wajukuu wakazibeba kwa toroli usiku uleule. Kungoja hata siku moja ya jua na upepo kungetosha kuimaliza mizizi iliyo wazi. Bibi akaitia kwenye mabeseni ya maji mpaka mabonge yakaacha kutoa mapovu. Asubuhi akakaa juu ya kigoda chini ya mfenesi, kisu mkononi, akaipitia mmoja mmoja. Kumi na tisa ilikuwa imekufa mpaka shingoni. Hamsini na moja ilikuwa na kijani mahali fulani. Aliikata mpaka penye uhai, akainyoosha mizizi iliyojizungusha, iliyokataa kunyooka akaikata, akaipanda kwenye viriba vikubwa na udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, bila mbolea yoyote, akaiacha kivulini. Akaimwagilia pale tu kidole kilipomwambia. Hakuna siri nyingine. Wajukuu waliotegemea kuona maajabu waliacha kwenda kutazama baada ya siku chache.

Wiki ya tano vikatokea vidoa vya kijani kwenye magome. Lakini si kila chipukizi ni habari njema. Mche wa kubebeshwa ni miti miwili: chini mlimau, juu mchungwa. Sehemu ya juu ikifa, mlimau wa chini hupata nafasi uliyoisubiri, hutoa machipukizi yenye nguvu na miiba, na mwenye shamba hushangilia kwamba mti umefufuka. Miaka minne baadaye anavuna malimau. Bibi aliyapima kwa njia rahisi. Kwanza alitazama chipukizi limetoka juu au chini ya kovu la kubebeshea. Pale kovu lilipokuwa halionekani vizuri, alikwanyua jani dogo, akalifikicha, akalinusa. Lenye harufu ya limau liling'olewa kwa mkono, si kwa kisu, ili lisirudi. Miche kumi na minne ilikuwa haina tena mchungwa wowote. Hiyo akaitenga, aje kuibebesha upya. Sita ilikufa hivihivi, bila kueleza sababu, kama miche inavyofanya. Ikabaki 31.

Bondeni kwa Mwalimu, mwezi wa kumi, vijiti 40 vyenye majani makavu vilikuwa bado vimesimama na bado vinamwagiliwa. Mche mmoja ulimwangukia kijana mkononi aliposogeza nyasi. Mzizi ulikuwa mweusi, ukiubonyeza gome lake linavulika kama soksi iliyolowa, unanuka. Kijana akaacha kumwagilia bila kuomba ruhusa. Huo ndio uamuzi bora uliofanywa kwenye shamba lile mwaka ule.

Vuli ilipokolea Mwalimu alikwenda kwa bibi kuomba mbegu za mihogo. Alikuwa ameshakubali hasara, anaisimulia hata kwa utani. Chini ya mfenesi akaona safu ya viriba, na kwenye viriba vijimichungwa vifupi, vingine na majani mapya laini, vingine, na hivi ndivyo vilivyomvuta, vimejaa maua meupe. Akakaribia, akanusa.

"Mashaallah, bibi. Umevinunua wapi?"

"Nimeviokota."

Alielewa taratibu. Bibi hakumsaidia. Aliketi kwenye kigoda chake, akavuta kiriba cha kwanza, akaanza kunyofoa maua yote, moja baada ya jingine, na kuyatupa chini.

"Bibi! Unatupa machungwa!"

"Natupa kifo chake, Mwalimu. Mchungwa ukibanwa na kiu, ukipata maji huchanua. Hujui kama utaishi, unataka kuacha mbegu. Haya maua ukiyaacha yatavuta kila kilichomo ndani, na majani hayajarudi bado kukirudisha. Mwaka huu hauzai. Mwakani hauzai. Mwaka wa tatu tutazungumza."

Mwalimu akavuta kiriba cha pili, akanyofoa. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa safu, hawakuongea sana. Alipomaliza akafuta mikono, akauliza bei.

"Elfu tano mmoja."

"Elfu tano! Bibi, hii miche ni yangu. Kitaluni niliinunua elfu tatu."

"Yako ilikuwa kuni. Ulinipa mwenyewe, mashahidi wako wapo."

Wakapatana elfu nne, na bibi akaweka masharti, ambayo Mwalimu aliyaandika kwenye daftari lilelile, kurasa mbili baada ya mapato ya mwaka wa nane. Haichukui leo. Mashimo achimbe sasa, sentimita 60, kibarua alipwe kwa siku na si kwa shimo. Bondeni apande migomba, michungwa asiirudishe huko mpaka achimbe mfereji wa kutoa maji. Viriba vianze kusogezwa juani kidogo kidogo kuanzia mwezi wa pili. Aje kuichukua masika yakishika, alasiri, siku yenye mawingu, na asilete pikapu ya wazi.

"Na kijana wako uje naye," bibi akasema. "Yule anajua kupiga magoti sasa."

Akalipa nusu. Nyingine, wakakubaliana, atamalizia siku ya kuchukua.